Kompyuta Iliyokaa Eda

Mtu aliyepigwa picha na Mzee Omary alijulikana kwa macho. Ukiingia nyumba yoyote Kasulu, au hata huko Murungu upande wa Kibondo, ukaona ukutani bwana na bibi harusi wamekunja nyuso kama waliolamba ndimu, hukuwa na haja ya kuuliza nani alishika kamera. Mzee alikuwa na sheria moja ya kazi: jua likae mgongoni kwake. Flashi hakuiamini.

"Mungu kashawasha taa," alisema, "mimi niwashe nyingine ya nini?"

Basi mteja alisimamishwa akilitazama jua, machozi yanamlengalenga, na mzee anamwambia acheke.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro yake. Mpiga picha akilipa jua mgongo, kivuli chake humtangulia. Kwa hiyo picha za Mzee Omary, hasa za asubuhi na za jioni, zilikuwa na kichwa chenye kofia na viwiko viwili vilivyotanuka, vimelala miguuni mwa mteja. Watu walimtania.

"Mzee, nimelipia picha ya mtu mmoja, mbona tumo wawili?"

Hakubishana nao. Picha zikishachapwa, alikaa barazani na mkasi akakata ule ukanda wa chini, moja baada ya nyingine, ndipo akazipeleka kwa wenyewe. Mkewe, Bi Mwamvua, alifagia vile vipande pamoja na maganda ya maharage akavitupa shimoni.

Shadia aliyakuta hayo yote alipoolewa na Saady, kijana wao mwenye duka la vyombo sokoni Kasulu. Yeye alitoka Kakonko, elimu yake darasa la saba, na alikuja na woga wa kila bi harusi: atapokewaje na mkwe. Kumbe mkwe mwanamume ndiye aliyemvutia kiti kwanza. Mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa na Warundi wakarudishwa kwao, mashirika yaliuza meza, viti na vyombo vya ofisi. Mzee Omary akarudi na kompyuta kuukuu juu ya baiskeli, imefungwa kwa mipira, ubavuni ina namba ya rangi nyeupe.

Bi Mwamvua aliitazama kutoka jikoni. "Wenzake wote wamerudi kwao, huyu mmoja ndiyo umemleta kwetu?"

"Huyu hali ugali," mzee akajibu.

Siku hizo mzee alikuwa ameshaacha kamera ya filamu, anatumia ndogo ya kidijitali aliyoletewa na mpwa wake kutoka Dar. Zile filamu za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa sandukuni, na jambo hilo lilimuuma mno. Picha hizi mpya alitaka zikae mahali pasipo mchwa. Akamwita Shadia.

"Njoo mama, wewe umesoma. Kaa hapa tuziandike majina."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Shadia kwamba amesoma. Alikaa. Mzee alitaja, yeye akabonyeza herufi kwa kidole kimoja: Harusi ya Murungu. Mama wa Mapacha Kakonko. Mwalimu Asiyecheka. Soko la Nyarugusu. Mchana kazi za nyumbani zikiisha, wakati Saady yuko dukani, mkwe na mke wa mwanawe walikaa mbele ya kile kioo wakipanga nyuso za watu kama mtu anavyopanga vikombe kabatini. Shadia hakuwa amepata kuwa na baba wa kukaa naye hivyo. Wa kwake alifariki yeye akiwa mgongoni.

Siku ya akika ya Firdausi, mtoto wao wa kwanza, wageni walipoanza kutawanyika, Shadia aliona jambo.

"Baba, humu ndani tuna picha za watu wote, yako sijaiona."

"Yangu? Nani atashika kamera?"

"Nitashika mimi."

Mzee akacheka, akaketi mkekani, akampakata mjukuu. Shadia akafuata sheria: akalipa jua mgongo. Akabonyeza. Walipotazama, mzee amekunja uso kama wateja wake wote, Firdausi amemshika kidole, na kivuli cha Shadia kimelala miguuni pao, kichwa na viwiko.

"Ahaa," mzee akasema. "Sasa umekuwa fundi."

Hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ya pekee. Alikuwa na kitambulisho cha kupigia kura, lakini alikiweka miaka mingi katika mfuko wa shati, jasho likafuta pua na mdomo, akabaki mtu mweusi asiyejulikana ni Omary au ni nguzo. Katika picha za harusi ya Saady hayumo. Yeye ndiye aliyezipiga.

Mvua za masika za mwaka 2014 zikaja na kifua. Mzee aliugua kwa muda mfupi, akafa alfajiri, na kufikia adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa.

Jirani mmoja alileta flashi ya kompyuta yenye kisomo cha Kurani, wakataka kiwekwe kwenye kompyuta ili kisikike hadi kwa akina mama kule nyuma. Saady akaichomeka. Kompyuta ikaleta maandishi ya Kiingereza, inauliza kitu. Akayafunga, yakarudi. Wazee wamekaa mikekani wanasubiri, watu wanaingia na kutoka wakimpa pole, naye tangu alfajiri alikuwa akijibu kila mtu ndiyo: ndiyo, tumeshukuru, ndiyo, tutazika saa kumi. Na kompyuta akaijibu hivyo hivyo. Alidhani inauliza habari za ile flashi. Kumbe flashi ilikuwa na kirusi kilichoichanganya mashine, na mashine ilikuwa ikiuliza kama ipafute mahali pa picha. Ilipomaliza kazi yake, Saady alikipakia kisomo pale pale kwenye ile nafasi iliyokuwa tupu, kikaanza kusikika, wazee wakaitikia, na hakuna aliyejua.

Shadia alijua baada ya siku chache, alipokwenda kuitafuta ile picha. Hapakuwa na harusi ya Murungu. Mwalimu asiyecheka hayupo. Palikuwa na kisomo peke yake.

"Iliniuliza nikasema ndiyo," Saady alimwambia, mikono imelegea magotini. "Mama Firdausi, msibani mtu anasema hapana?"

Mbaya zaidi, Bi Mwamvua alikuwa mlangoni.

Bibi hakupiga kelele. Aliingia, akaichukua kanga yake nyeupe yenye mpaka mweusi, akaifunika kompyuta kuanzia juu mpaka chini. Kwao Ujiji, nyumba ikifiwa, kioo hufunikwa na redio hunyamazishwa, na hiki kwake kilikuwa kioo na redio kwa pamoja.

"Mimi ninakaa eda," akasema, "na hiki kitakaa eda. Asikiguse mtu."

Hamis, binamu yake Saady, aliyekuwa na kibanda cha kuwawekea watu nyimbo kwenye simu, alikuja mara kadhaa. "Shangazi, nipe hiyo mashine. Naifuta yote, naipiga windo mpya, najaza na nyimbo, inarudi kama imetoka dukani."

"Hamis, umemaliza chai?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Basi nenda."

Moyoni Shadia alikuwa upande wa Hamis. Aliona ni afadhali mtu ajaribu jambo, lolote, kuliko kuitazama ile kanga kila siku kama maiti nyingine ndani ya nyumba. Lakini mkwe ni mkwe. Alipanguza vumbi pembeni, kanga hakuigusa.

Eda ikaisha. Bi Mwamvua alioga, akavaa nguo za rangi, majirani wakaja wakala pilau. Jioni wageni walipokuwa wameondoka, Shadia alimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, sufuria iko mkononi, haioshi.

"Mwanangu," bibi akasema, "nikwambie jambo usimwambie Saady. Uso wa baba yenu umeanza kunitoka. Sauti ninayo. Kikohozi chake ninacho. Uso nikiuita, unakuja wa mtu mwingine aliyefanana naye."

Shadia alimpokea sufuria. Usiku mzima maneno hayo hayakumtoka.

Asubuhi aliuliza kwa Kipriani, kijana wa pikipiki aliyezoea kupeleka watu kambi ya Nyarugusu siku za soko.

"Shemeji, kule kambini kuna mama Mkongo, Sophie. Anafundisha vijana kompyuta, ana kibanda chake na sola. Simu yangu iliingia mtoni ikakaa huko na samaki, yule mama akaitoa ikaanza kuita. Mungu shahidi."

Bi Mwamvua aliposikia habari hiyo, akaiondoa kanga yeye mwenyewe. Saady akachomoa nyaya, wakabaki na lile boksi. Shadia alilizungushia kanga ile ile, akaliinua, akalifunga mgongoni kama mtoto, maana kulipakata kwenye pikipiki kwa barabara ile ya vumbi na mawe kungevunja boksi na magoti yake. Firdausi, aliyebaki na bibi yake, alilia kwa wivu.

Njiani akina mama waliokwenda sokoni walimpisha wakimsalimu kwa Kiha. "Mwakeye, mama. Mtoto mzito hivyo ana umri gani?"

"Huyo amezaliwa Mtabila," Kipriani akawajibu. "Hana miguu, ana nyaya."

Walicheka hadi wakaweka mizigo chini. Shadia naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, akashika boksi kwa nyuma kwa mikono miwili lisidunde.

Sophie alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, amezungukwa na simu zinazochajiwa. Alitokea Fizi, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Weka apa, mama. Mutoto analala?"

"Amelala tangu msiba, dada."

Shadia akaeleza yote: mzee, kisomo, lile swali la Kiingereza. Sophie alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja.

"Kisha kufuta, nani alitumika nayo?"

"Hakuna."

"Ata kidogo? Ata muziki, ata filimu?"

"Hakuna, dada. Mama mkwe aliifunika kanga. Alikuwa eda, akasema nayo ikae eda."

Sophie alivua miwani. Alianza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe. "Huyu mama yako ni enjeniere."

Shadia hakuelewa.

"Unalima muhogo, mama?"

"Nalima."

"Ukikata miti yake yote, mutu akipita juu ya barabara atasema nini? Atasema shamba iko wazi. Lakini muhogo iko wapi?"

"Iko chini."

"Njo ile. Mashini ilikata miti tu. Foto ziko chini. Lakini mutu akileta jembe, apande kitu ingine pale pale, muhogo inaharibika. Mama yako alikatalia watu jembe."

Shadia alikaa kwenye benchi la kibanda. Alimwona Hamis na nyimbo zake, kikombe cha chai mkononi. Alijiona mwenyewe akiitazama ile kanga kwa hasira kila alipopita na ufagio. Akasema kimya kimya, Alhamdulillahi, kwa ukaidi wa mama.

"Kwa hiyo zitatoka zote?"

"Siwezi kukudanganya. Ile kisomo waliweka kisha kufuta, eh? Ile nayo ni jembe. Jembe dogo. Zingine imekata." Sophie akafungua boksi, akatoa kile kipande cha ndani kinachobeba kumbukumbu, kikubwa kama kitabu cha dua. "Uniachie mpaka soko ingine. Iyi kazi inakwenda polepole, na miye natumika na jua."

"Mzee naye alifanya kazi kwa jua," Shadia akasema.

Siku za kungoja hazikuwa nyepesi. Bi Mwamvua hakuuliza. Ila alipika kuliko kawaida, na kila alipomaliza kupika alikumbuka kitu kingine cha kupika. Saady alirudi kutoka dukani akila kila alichowekewa, macho chini. Shadia aliwatazama wote wawili akaona kwamba picha isipotoka, mmoja ataupoteza uso na mwingine hatajisamehe.

Soko lilipofika, alibeba maharage mapya na mkungu wa ndizi, akapanda kwa Kipriani. Alipofika kibandani alikuta watu wamejaa wanachungulia kioo cha Sophie.

"Karibia, mama, karibia. Fukuza hawa watu, wanataka kuingia ndani ya mashini."

Zilikuwa zinapita picha. Zimetoka bila majina. Ile kazi yote ya kidole kimoja imepotea, mahali pa jina pana namba tu, na harusi imechanganyika na ubatizo. Nyingine zimekatika katikati, juu ni watu na chini ni rangi ya majivu. Lakini zilikuwa zinapita, nyingi, watu wote wamekunja nyuso.

"Apoline, njo weye huyu," mmoja akasema akikionyesha kioo kwa kidole.

Apoline, muuza mandazi wa pale sokoni, alijisogeza. Alikuwa pale kiooni kweli, kijana zaidi, ana beseni kichwani, machozi yanamtoka. "Mupiga foto ule," akasema. "Alitutoa machozi sisi wote, na alikuwa anatuambia tucheke." Akajipanguza kwa ncha ya kitenge, na haikujulikana ni machozi ya picha au ya sasa hivi.

Shadia alikaa karibu na Sophie wakaanza kutafuta. Walipita Mwalimu Asiyecheka. Walipita mapacha wa Kakonko. Jua lilikuwa limeanza kuinama Shadia alipomshika Sophie mkono.

"Hapo."

Kofia ilikuwepo, ile yenye darizi ya kijani. Paji la uso lilikuwepo, limekunjamana. Macho yalikuwepo, yamefinywa, yanamcheka aliyeshika kamera. Chini ya macho, majivu. Hakuna pua, hakuna mdomo, hakuna Firdausi wala kidole alichokishika. Kivuli cha Shadia nacho kilikuwa kimezama humo.

Sophie alijaribu njia moja na nyingine, mwisho akayagusa yale majivu kwa kidole. "Njo fasi ile jembe ilipita. Pole, mama."

"Usinipe pole, dada. Nilikuja sina hata macho."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyopaswa kusema, na nusu yake ilikuwa kweli. Sophie alikataa malipo. Aliomba kitu kimoja, abaki na nakala za picha za watu wa kambini, maana wengi walitoka kwao na nguo za mwilini tu na hawajioni popote. Shadia alimwambia achukue. Mzee angemwambia vivyo hivyo.

Njia nzima ya kurudi, boksi likiwa tena mgongoni, alipanga maneno ya kumwambia Bi Mwamvua. Aliyapanga yakaharibika, akayapanga tena. Alipofika, hakuyatumia. Saady aliunganisha nyaya, bibi akavuta kigoda chake mbele ya kioo, Firdausi akapanda mapajani mwake, na Shadia akaifungua ile picha.

Bibi aliitazama muda mrefu.

"Hapa chini pamekuwaje?"

Saady ndiye aliyejibu. "Ni kile kisomo, mama. Cha siku ya msiba. Nilikiweka kikakaa juu yake."

Bi Mwamvua akafikiri. "Kisomo chake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi kama ni hicho kilichomfunika, kimemfunika vizuri." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe nyanyua uso. Hata mimi siku ile ningesema ndiyo. Macho ninayo sasa. Pua yake nitaitafuta kwako."

Saady akacheka kwa namna iliyokaribia kilio, akaenda nje kidogo.

"Zingine zikoje?" bibi akauliza.

Shadia akazipitisha polepole, ili macho ya mtu mzima yaweze kufuata. Harusi. Mahafali. Mwanamke mmoja wa Kibondo na baiskeli mpya. Ikapita ya Bi Mwamvua mwenyewe, amekaa uani asubuhi, ungo wa maharage magotini, ameudhika kupigwa picha bila kujiandaa.

"Rudi," bibi akasema. "Rudi kwenye hiyo."

Shadia akarudi.

Bibi hakuwa akijitazama. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaweka kidole chini kabisa ya picha, mahali ambapo kichwa chenye kofia kilikuwa kimelala mchangani, viwiko vimetanuka, na ncha ya kofia inagusa ungo wake.

"Hicho ni kivuli, mama."

"Najua ni kivuli. Nimekifagia miaka yote." Mabega yakaanza kumtikisika, na Shadia alipotaka kumshika aliona kwamba anacheka. "Alikuwa anakikata hapo barazani, na mimi nakusanya kwa ufagio, namgombeza kwa uchafu. Mume wangu mzima nimemtupa shimoni na maganda."

Picha zile zilizopelekwa kwa wateja zote zilipita kwenye mkasi. Hizi za kompyuta hazikukatwa. Shadia akairudisha ile iliyotangulia, mwanamke wa baiskeli: kivuli kipo. Mahafali: kipo. Akafungua nyingine na nyingine, na sasa hakuna aliyetazama nyuso za watu. Saady aliingia akawakuta wameinamia sehemu ya chini ya kioo.

"Mnatafuta nini?"

"Baba yako," bibi akamwambia. "Tumempata. Tazama hapa kofia kaipinda, hapo alikuwa anatoka kwa kinyozi. Hapa viwiko kavibana, ana haraka, mvua inakuja. Hapa amekonda. Hii ni baada ya ile homa, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Hapa amesimama na mtu ubavuni. Nani huyo mdogo?"

Kivuli kidogo kilikuwa kimesimama karibu na kile kikubwa, kimejifunga kitenge, kichwa kimeinama.

"Ni mimi," Shadia akasema. "Siku ile alinichukua nikamshikie begi."

Bibi alimtazama, akamshika shavu kwa kiganja kikavu cha mtu aliyeosha vyombo maisha yake yote, akarudi kwenye kioo. Waliendelea mpaka uji wa Firdausi ukaungua jikoni, na hakuna aliyelaumiwa.

Kanga ile nyeupe Bi Mwamvua aliifua, akaikunja, akaagiza ipelekwe kambini. "Mwambie huyo dada, mimi shukrani ya mdomo siiwezi." Sophie aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama ni ya kufunika ordinatere yake, yaani kompyuta. Shadia akamwambia ajifunike mwenyewe, mashine zake ziko hai.

Bibi aliulizwa achague picha moja ichapwe kubwa ya ukutani. Saady alidhani atachagua ile ya macho. Hakuichagua, ile alisema ikae kwenye kompyuta, atakuja kuitazama akiihitaji. Alichagua ya ungo wa maharage.

"Hapo tupo wote wawili," akasema, "na amenikuta nafanya kazi."

Saady akaenda studio, akarudi jioni na picha imeviringishwa kwenye gazeti.

"Yule kijana kaniuliza mara mbili," akasimulia. "Bro, hiki cheusi hapa chini, nisikikate?"

"Ukamwambiaje?" Bi Mwamvua akauliza.

"Nikamwambia kata juu ukitaka."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Saady akapigilia msumari juu, mahali picha zinapowekwa. Bi Mwamvua akaketi kwenye kigoda chake, akatazama, akasema hapana, ushushwe. Ukashushwa. Ushuke tena. Walishusha mpaka Firdausi akaweza kuigusa picha kwa mkono, na kile kivuli cha kofia kikawa usawa wa macho ya bibi akiwa amekaa.

"Hapo," akasema. "Sasa nipeni ungo wangu."